Bunyonyi mwezi wa saba, bebeni sweta nzito!

Jamani nimerudi juzi kutoka Ziwa Bunyonyi, ile iliyochorwa kwenye noti ya Uganda ya shilingi 5,000, na bado nawaza tu kurudi. Kule ni juu, karibu mita 2,000, kwa hiyo mwezi wa saba asubuhi ukungu umelala juu ya maji na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, yaani sisi wa Kampala tulitetemeka. Kutoka Kabale mjini bodaboda ni muda mfupi tu.

Mtumbwi wa gogo ndio kitu chenyewe!! Mara ya kwanza unazunguka tu palepale kama pia, kijana wetu akatufundisha kasia taratibu mpaka tukafika karibu na Akampene, kile kisiwa walichokuwa wanatupwa mabinti waliopata mimba kabla ya ndoa. Inauma sana, tulinyamaza wote.

Usiku wanakijiji wakawasha moto, wakacheza ekizino, ngoma ya Wakiga wa huko, ardhi inatikisika kweli. Kamba wa ziwani watamu mno. Ila maji ya moto kambini yalikatika siku mbili na majaketi ya kuokolea maisha majini hayakutosha, hilo warekebishe haraka, watoto wanapanda mitumbwi ile.