Uzoefu wangu: Mpiga picha wa bima kwa Peugeot ya mzee na dhahabu za mama watoto

Gari ni Peugeot 504 ya 1978, mwaka ambao 504 ilitwaa Safari Rally mara ya pili baada ya ule ushindi wa 1975. Kampuni ya bima ilikubali kulikatia bima kamili kwa thamani ya makubaliano: tunaafikiana mapema watalipa kiasi gani likiibwa au likiteketea, kwa kuwa bei ya sokoni ya gari kama hili kila mtu ana yake. Walitaka ripoti ya mthamini na picha. Nikampata mpiga picha anayekuja hadi nyumbani, Buruburu, kwa shilingi 15,000.

Alifika asubuhi ya Julai, lile wingu zito la Nairobi limetanda, naye akafurahi. Jua kali, alisema, huwaka juu ya boneti na kuficha mabonyeo. Wingu huonyesha bodi ilivyo. Akalizunguka gari pande zote, kisha akaanza kazi iliyonifanya niridhike na pesa yangu: picha mbaya. Namba ya chesisi. Namba ya injini. Kilomita kwenye dashibodi. Akakunjua mazulia, akalala chini kwenye saruji kupiga sakafu ya gari. Akapiga namba ya usajili iliyochorwa kwenye vioo vya pembeni, jambo ambalo aliyewahi kuegesha karibu na Grogan, mtaa wa vipuri unaosifika kwa vioo vya wizi, haulizi sababu yake.

“Hata kutu?” nikamuuliza.

“Kutu ndiyo kwanza, mzee. Wakijua cha zamani, cha jana kitajitenga.”

Dhahabu hazikuchukua muda. Kila bangili juu ya kitambaa cheusi, rula kando, kisha alama ya 916 ya karati 22 kwa karibu, na risiti ya sonara. Halafu akampiga mama watoto akiwa amezivaa, kwa sababu picha ya bangili peke yake haisemi ni ya nani. Hilo nisingelifikiria.

Kasoro ipo. Picha alizituma kwa WhatsApp, zikafika zimebanwa na taarifa za tarehe ndani ya faili zimepotea. Mpiga picha wa bima hapaswi kukumbushwa hilo! Ilibidi nimsumbue ndipo akaleta faili asili kwenye flashi. Pia alitumia muda mwingi kunishawishi tulipeleke gari Ngong Racecourse, yanakofanyika mashindano ya Concours ya magari yaliyotunzwa vizuri, kwa picha za ukutani za shilingi 3,000 zaidi. Nilikataa.

Baadaye matatu ilinirudia kinyumenyume pale Ngara, ikakunja bampa la nyuma. Nikachukua abstrakti ya polisi, ile hati ya kuthibitisha ajali imeripotiwa, nikajaza fomu ya madai. Mtathmini akatazama bampa, akasema sehemu ya kushoto inaonekana ilibonyea zamani. Nikafungua ile picha ya nyuma, faili asili yenye tarehe yake: bampa limenyooka mwisho hadi mwisho, na kutu kidogo chini ya mlango wa buti, ambayo sikuidai. Hakubishana tena. Nililipa ile sehemu ya gharama ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe tu, mengine yakawa yao.

Ningemwita tena, ila flashi ningeidai kabla hajaondoka. Ukiwa na Probox ya kazi, usimlipe mtu 15,000. Simu yako na siku ya mawingu zinatosha, mradi ujitumie picha kwa barua pepe bila kuzipunguza ukubwa.