Google Drive darasani: tazama mkia wa linki

Walimu wenzangu, karibuni tena. Na wanafunzi mliojificha humu nawaona, karibuni pia.

Leo salamu ni fupi kwa sababu nina hasira. Mwalimu anaandaa notsi zake vizuri, anazipandisha Google Drive, anarusha linki kwenye kundi la darasa usiku, anakwenda kulala. Mwanafunzi anabonyeza anaambiwa omba ruhusa. Anaomba. Wa pili anaomba. Darasa zima linaomba! Asubuhi barua pepe ya mwalimu imejaa maombi mpaka hajui aanzie wapi, na pale ofisini anatangaza kwamba Drive ni usumbufu, turudi WhatsApp.

Jamani, Drive si usumbufu. Ni kwamba hakuna aliyetufundisha linki inafanyaje kazi. Semina nyingi wanakuonyesha jinsi ya kufungua akaunti, mnapiga picha ya pamoja, mnakunywa soda, mnaondoka.

Sasa sitakueleza Drive ni nini. GB 15 za bure unazijua, na unajua zinagawana nafasi na Gmail na picha zako. Ndiyo maana video za harusi ya shemeji zikijaa, hata barua pepe haziingii tena. Tusonge mbele, tuingie kwenye skrini.

Hapa nina karatasi ya mazoezi, Jiografia, Kidato cha Tatu, usomaji wa ramani. Nabonyeza kushiriki. Hapa chini imeandikwa kwamba wanaoweza kufungua ni wale niliowaongeza tu. Hapo ndipo maombi yote yanapoanzia. Bonyeza, chagua "mtu yeyote mwenye linki". Umeona? Kubonyeza mara mbili, na usiku wako umekuwa salama.

Pembeni yake kuna vyeo vitatu: mtazamaji, mtoa maoni, mhariri. Walimu wengi wanaweka mhariri ili "watoto wajibu humo humo". Haya, naweka mhariri, tuone. Hii ni laptop ya pili, sijaingia kwenye akaunti yoyote. Nafungua linki. Rudini kwenye laptop yangu, angalieni juu kulia, kimetokea kiduara kina mnyama. Google anayeingia bila akaunti humpa jina la mnyama, basi. Huyu wangu ni kapibara. Sasa kapibara anachagua maandishi yote, anafuta. Karatasi nyeupe pe! Nani kafuta? Kapibara. Haya mwalimu, chukua daftari la mahudhurio umtafute kapibara.

Kurudisha inawezekana, nitafika huko. Kwa sasa rudisha cheo kuwa mtazamaji, na usikibadilishe tena.

Sasa video yenyewe inaanza hapa. Tazama linki. Kuna herufi na namba ndefu zisizosomeka, hizo usiziguse. Baada yake kuna mkwaju, yaani alama hii /, halafu neno "edit", halafu takataka nyingine. Huo ndio mkia. Futa kuanzia "edit" mpaka mwisho kabisa. Andika "copy". Nakopi linki hii, naibandika kwenye laptop ya pili, safari hii nimeingia kwa akaunti ya mwanafunzi.

Haifungui karatasi yangu! Inamuuliza, unataka kutengeneza nakala? Anabonyeza, anapata karatasi yake mwenyewe, ndani ya Drive yake. Ajibu, afute, aandike jina la mchumba wake, ya kwangu haijaguswa.

Subiri, bado. Futa "copy". Andika "export?format=pdf", bila nafasi hata moja. Bonyeza Enter... PDF hiyo imeshuka. Sijaingia kwenye akaunti, sijafungua programu yoyote. Nyumbani watoto wetu wengi wanatumia simu ya mzazi, na hawezi kuanza kuingiza akaunti yake kwenye simu ya baba. Hapa anabonyeza, PDF inaingia, anazima data, anasoma.

Na hii sehemu ndiyo inanifurahisha kuliko zote. Nakosea makusudi, kipimo cha ramani naandika 1:5,000. Nashusha PDF, kosa linaonekana. Narudi kwenye karatasi, narekebisha 1:50,000. Linki sijaigusa. Nabonyeza ile ile iliyokwisha tumwa. Tazama, 1:50,000! Kwa WhatsApp ungeanza "notsi mpya", ikaja "notsi mpya sahihi", ikaja "tumieni hii ya mwisho", na siku ya jaribio bado kuna mtoto kakariri ile ya kwanza.

Tahadhari. Hii ni kwa hati iliyotengenezwa humo humo kwenye Hati za Google, yaani Google Docs. Kama ni Word uliyopandisha, ibadilishe kwanza iwe hati ya Google. Kama ni PDF uliyopandisha, mkia wake ni mwingine kabisa. Kwenye slaidi, "copy" inakubali, ila ya PDF andika "export/pdf". Nimewaandikia hapo chini ya video, msinipigie simu.

Kuna mtu kwenye komenti za video iliyopita aliniambia mimi nimelipwa na Google. Ningekuwa nimelipwa ungesikia sauti ya maikrofoni hii? Nikipata maikrofoni ya maana mtajua wenyewe.

Na kwa haki, Dropbox, hifadhi nyingine ya mtandaoni kama Drive, wana ujanja wao wa mkia. Linki yao huishia "dl=0", faili linafunguka kwa kutazamwa. Badilisha sifuri kuwa moja, linashuka moja kwa moja. Safi sana, naukubali. Lakini bure wanakupa GB 2, na tangu 2019 akaunti ya bure unaiunganisha kwenye vifaa vitatu tu. Mwalimu ana simu, ana laptop, ana kile kishkwambi kilichotoka kwenye Sensa ya Tanzania ya 2022. Vitatu hivyo, vimeisha. Kompyuta ya ofisini utaingia kwa kivinjari. Ukitaka kulipia, mpango wa mtu mmoja unaanzia TB 2, yaani kama GB 2,000, takriban dola 10 kwa mwezi. Mwalimu TB 2 za nini? Google, kwa bei ya Marekani, GB 100 ni kama dola 2. Lakini hata hizo usilipe, futa kwanza video za harusi.

OneDrive, hifadhi ya Microsoft, nitapita haraka. GB 5 bure, zamani zilikuwa 15, wakazipunguza 2016, na sijawasamehe. Ila walimu wa Hisabati na Fizikia, nawaelewa. Mtihani wenye milinganyo na michoro uliopangwa kwenye Word, ukiupeleka kwenye Hati za Google unaweza kuvurugika. Kwa hao, OneDrive inaacha Word ibaki Word. Na kama shule ina anwani zake za barua pepe, Microsoft wana mpango wa bure wa shule. Google nao wana wao, TB 100 kwa taasisi nzima mgawane. Hilo ni la mkuu wa shule na mtu wa TEHAMA, mwambieni.

Nilisema nitarudi kwa kapibara. Fungua menyu ya faili, nenda historia ya matoleo. Kulia kuna orodha ya tarehe na saa. Chagua saa kabla hajaingia, bonyeza rejesha. Karatasi imerudi. Basi.

Lakini mimi historia hii naitumia kwa kazi za vikundi. Mnazijua kazi za vikundi zetu, majina sita juu, kaandika mmoja. Hapa kila mhariri ana rangi yake. Huyu wa kijani kaandika utangulizi na hoja tatu. Huyu wa zambarau kaingia saa tano usiku, kaandika jina lake, katoka. Sihitaji kesi, rangi inasema. Ila lazima waingie kwa akaunti zao na uwape uhariri kwa barua pepe, la sivyo wote wanaandikwa "wasiojulikana" na tumerudi porini.

Sasa nitasema kitu mtanishangaa. Pamoja na yote haya, PDF yenyewe bado naituma WhatsApp vilevile. Kuna wazazi wananunua bando la mitandao ya kijamii tu. WhatsApp inafunguka, Drive haifunguki, linki yangu nzuri yenye mkia mzuri inazunguka tu kwenye kioo. Na tangu 2022 WhatsApp inabeba faili hadi GB 2, kwa hiyo ukubwa si hoja tena. Basi natuma vyote viwili, na chini ya PDF naandika tarehe ya toleo. Nilianza video hii nikitaka kuwazuia WhatsApp kabisa, lakini ukifikiria bando la mama mwenye watoto watatu, unalegeza msimamo.

Kuna kitu kimoja sitalegeza, matokeo. Usiweke jedwali la alama za darasa zima kwenye linki ya kila mtu. Linki hiyo ikitoka kwenye kundi la wazazi ikaingia kundi la mtaa, alama za mtoto wa jirani zinajadiliwa kibarazani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kila mzazi mpe za mwanawe.

Na ukifungua akaunti maalumu ya darasa, iingie mara kwa mara. Google wanaweza kufuta akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili, na notsi zako zote zinaondoka nayo.

Najua mtauliza, mbona sijagusa Google Classroom, lile darasa la mtandaoni la Google? Ile ina chaguo la kumtengenezea kila mwanafunzi nakala, ile kazi ya "copy" inajifanya yenyewe, na tangu 2017 hata akaunti ya kawaida inaitumia. Kwa kweli inastahili video yake. Nilitaka kuifanya wiki hii, nikakuta kila mwanafunzi lazima awe na akaunti, na wangu nusu wanatumia simu za nyumbani. Natafuta darasa lenye chumba cha kompyuta nikarekodi huko. Kama shule yako inacho na mkuu wa shule anaruhusu kamera, niandikie kwenye komenti, nakuja na laptop zangu mbili.