Miezi minane ya kufulia sabuni niliyoipika mwenyewe

Nyumbani kwetu Kigamboni tuko sita: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto watatu ambao wote wanavaa mashati meupe ya shule na wote wanakaa kwenye vumbi kana kwamba wamelipwa. Kwa mwezi tulikuwa tunamaliza miche mitatu ya sabuni na kilo mbili za sabuni ya unga. Mche katika duka la jirani ni shilingi 3,000, unga kilo moja 5,000. Jumla 19,000, na hapo sijagusa sabuni ya kuogea wala ya vyombo. Siyo hela ya kuuza shamba, lakini kila mwezi inarudi palepale, na ndiyo iliyonifanya siku moja nipande kivuko kwenda Kariakoo kununua kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Niseme mapema: hii siyo sabuni ya maji ya kukoroga kwenye ndoo, ile wanayofundishana akina mama wa vikundi. Nazungumzia sabuni ngumu ya kipande, ya mafuta na kostiki, halafu unga wake wa kufulia niliokuja kuuvumbua baadaye kwa shida.

Mara ya kwanza nilipima mawese gramu 700, mafuta ya nazi gramu 300, kostiki gramu 151 na maji gramu 300. Vipimo hivi si vya kukisia, wala usitumie kikombe. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: mawese yanakula kama gramu 142 kwa kilo, nazi kama gramu 183. Ukizidisha kostiki sabuni itakutafuna mikono. Ukipunguza sana inabaki laini na yenye mafuta. Mimi napunguza kidogo makusudi, asilimia mbili au tatu, ili nisiamke nimeungua. Mzani mdogo wa jikoni wa betri ndio kifaa pekee ambacho sikubali mtu aniambie hakina haja.

Lakini kosa langu la kwanza halikuwa la mzani. Nilichukua sufuria ya mama mkwe, hizi za kawaida za alumini, nikatia maji, nikanyunyiza kostiki taratibu kama nilivyoelekezwa: kostiki ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Maji yalianza kupata moto yenyewe bila jiko, na hilo nililitarajia, kwa sababu hupanda hadi juu ya nyuzi 80. Nisichotarajia ni mchemko. Sufuria ilianza kuchemka pembeni kote, povu jeusi, mlio kama wa maji yanayomwagika kwenye kaango, na harufu iliyonipanda puani hadi machozi. Kumbe kostiki na alumini haviivani kabisa: inaila sufuria na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na moto inawaka. Bahati nilikuwa uani, jiko liko mbali. Nilirudi nyuma nikangoja itulie. Sufuria ilibaki nyeusi ndani, imechimbika vishimo kama uso wenye ndui.

Mama mkwe aliitazama, akaigeuza juani. "Mwanangu," akasema, "sisi miaka ya themanini tulifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Wewe sabuni iko dukani, unatafuta shida kwa hela yako." Huwa anaturudia hadithi hiyo: baada ya Vita vya Kagera bidhaa zilipoadimika, mche wa sabuni ulipangiwa foleni tangu alfajiri, na ukiukosa unaponda majani ya mpapai, unayasugulia kwenye nguo mpaka yatoe kijipovu cha kijani. Nguo ilitakata, anasema, ila nyeupe ilisahau weupe wake. Sikuwa na la kujibu. Nilimnunulia sufuria nyingine kwa 12,000, na hiyo iingie kwenye hesabu.

Tangu hapo natumia ndoo ngumu ya plastiki na mwiko wa mti ambao haurudi tena jikoni. Glavu, miwani, mikono mirefu. Na jambo moja nalirudia kwa kila anayeniuliza: kostiki iliyoyeyushwa usiiweke hata dakika tano kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Inaonekana kama maji. Mtoto akirudi na kiu hasomi. Ikikurukia mkononi, kimbilia maji mengi ya bomba, na uyaache yatiririke kwa muda mrefu. Habari za kupaka siki achana nazo.

Sabuni ya kwanza ilitoka rangi ya embe bivu, kwa sababu ya mawese. Unakoroga mafuta na yale maji ya kostiki mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji wa kumpa mgonjwa, mwiko ukipita juu unaacha mstari. Kwa mkono ilinichukua dakika hamsini na bega. Nikamimina kwenye makopo ya aiskrimu, nikafunika na kanga kuukuu, kesho yake nikakata vipande na kuvipanga uvunguni mwa kitanda. Wiki nne, ikibidi sita. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanafulia siku ya tatu, halafu wanalalamika kuwa imewababua. Kipimo changu ni cha zamani: ncha ya ulimi. Ikikuchoma kama betri, irudishe uvunguni.

Basi nikapiga hesabu. Mawese 3,800, nazi 3,000, kostiki kama 800. Jumla 7,600. Ilipokauka nilipata kilo moja na robo. Kwa hiyo kilo ya sabuni yangu ilinigharimu kama 6,080, mara mbili ya mche wa dukani, bila sufuria, bila bega, bila nauli ya kivuko. Nilicheka peke yangu jikoni. Huu ndio ukweli ambao wanaosifia sabuni ya nyumbani huwa wanaupita haraka: ukinunua mafuta mapya kwa rejareja, huokoi hata senti. Kiwanda kinanunua kwa tani, wewe kwa chupa.

Kilichobadilisha mambo ni mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mama mkwe anakaanga bagia na mihogo ya jioni pale nje, na mafuta yakichoka alikuwa anayamwaga mtaroni. Kiasi chake hakikutosha, nikamwendea kaka wa chipsi barabarani. "Kaka, mafuta yako ya zamani unauzaje?" Akaniangalia kwa mashaka. "Shemeji, usije ukafungua banda la chipsi hapo mbele yangu." Nilipomwambia ni ya sabuni alicheka, akanipa lita kwa 1,000, na siku hizi ananiwekea dumu.

Mafuta hayo hayaendi moja kwa moja kwenye sabuni. Yanachujwa kwa kitambaa, kisha nayachemsha na maji yenye chumvi, nayaacha usiku kucha. Asubuhi uchafu umezama chini na maji yamebaki na harufu, mafuta yako juu, mepesi zaidi. (Ya samaki siyataki. Nilijaribu mara moja na mashuka yetu yalinukia kama soko la Feri kwa wiki mbili.) Sasa naweka gramu 800 za mafuta haya, gramu 200 za nazi, kostiki gramu 144. Nazi siiachi hata kama ndiyo inayogharimu, kwa sababu nitakayoeleza hapa chini. Nikipata mafuta ya bure kwa mama mkwe, kilo ya sabuni inanigharimu kama 2,200. Nikinunua kwa kaka wa chipsi, inakaribia 2,900, yaani karibu sawa na mche.

Akiba hasa iko kwenye unga. Nakwaruza vipande vikavu kwa kile cha kukwaruzia karoti, nachanganya sehemu mbili za sabuni na sehemu moja ya magadi soda, ile ya unga mweupe inayouzwa kwenye maduka yaleyale ya malighafi za sabuni, si ya kuchemshia maharage. Kilo inatoka kama 2,100 badala ya 5,000. Kwa mwezi mzima, miche na unga, nimeshuka kutoka 19,000 hadi karibu 11,000. Elfu nane.

Sasa kufulia kwenyewe. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na mtu wa Kigamboni ataelewa: unasugua mche mpaka unaisha, povu hakuna, badala yake kuna utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni kama ukoko wa maziwa. Chokaa na magnesi zilizomo kwenye maji ndizo zinazoila sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Sabuni ya mafuta ya nazi ndiyo inayotoa povu hata kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana tangu zamani ilikuwa sabuni ya mabaharia. Na magadi yanalainisha maji: nikitia kijiko kimoja cha chakula kwenye ndoo kabla ya sabuni, nikangoja kidogo, utando unapungua kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Bila magadi, sabuni yangu kwenye maji haya nisingempa hata adui.

Kola za mashati ndizo mtihani wangu. Ule mstari wa kahawia wa jasho na mafuta ya nywele nausugua kwa kipande kikavu, shati likiwa limeloa, naliacha nusu saa. Unatoka. Naapa unatoka vizuri kuliko kwa unga wa dukani. Mashuka, taulo, vitambaa vya jikoni, vyote safi. Lakini madoa ya damu na ya mchuzi uliokauka, unga wa kiwandani unanishinda, maana una vimeng'enya vinavyokata madoa ya namna hiyo na mimi sina. Na kuna siku nilitaka kulia: mtoto wa pili alijimwagia mchuzi wa binzari kifuani. Nikapaka sabuni, doa la manjano likageuka jekundu la matofali papo hapo, kama limechomwa. Nilidhani nimeunguza shati. Kumbe binzari ndivyo ilivyo, ikikutana na sabuni au magadi inageuka nyekundu, na ukisuuza inarudi manjano. Nililianika likiwa limeloa kwenye jua la saa sita, siku mbili, doa likafifia hadi likabaki kivuli. Jua ndilo lililofanya kazi, sabuni haikuchangia sana.

Weupe nao uwe tayari kuujua. Unga wa dukani una kemikali zinazorudisha mwanga wa bluu, ndiyo maana shati linameremeta. Sabuni ya nyumbani inatakasa tu. Shati linakuwa safi lakini rangi yake inaelekea ya maziwa, hasa baada ya miezi kadhaa. Nimerudi kwenye bluu ya kusuuzia, kitu ambacho nilikiona mara ya mwisho kwa bibi yangu, na kila mwezi naloweka nyeupe zote kwa magadi usiku mmoja. Kanga na vitenge nafua kwa kipande tu bila magadi, kwa maji baridi, na sijaona rangi ikikimbia zaidi ya ilivyozoea. Jirani mwenye mashine alijaribu unga wangu mara mbili, mashine ikabaki na utando ndani. Hakuniomba tena.

Kwenye habari za mazingira sina makubwa. Mafuta hayaendi mtaroni, vifuko vya plastiki vya unga haviingii tena jalalani kwangu. Maji ya kufulia naflashia choo. Niliposikia kuwa yanafaa bustanini niliyamwagia mchicha; wiki ya pili majani yalianza kukauka kingo. Sodiamu ya magadi si rafiki wa udongo. Sasa mgomba pekee ndio unaopata, tena maji ya suuza ya mwisho tu, ya nguo zilizofuliwa kwa kipande.

Mara moja sabuni ilinigomea kabisa. Nilinunua kostiki ya kupimiwa kutoka kwenye kiroba kilichoachwa wazi, imeshaanza kushikana na kuloa. Kostiki inanyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo ile gramu 144 sehemu yake ilikuwa maji. Sabuni ilikaa wiki sita ikiwa kama siagi. Tangu hapo nanunua iliyofungwa, naihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, juu ya kabati, mbali na watoto.

Ningemshauri nani? Mwenye biashara ya kukaanga, au anayeishi na mtu wa kukaanga, na mwenye ua. Anayekaa chumba kimoja na watoto wadogo wanaogusa kila kitu, anunue mche. Na anayetegemea kupata utajiri kwenye elfu nane kwa mwezi, ajue kwamba Jumamosi moja kila mwezi inaenda na kazi hii, kuanzia kuchuja hadi kuosha ndoo.

Uvunguni sasa kuna vipande 22, juu yake kibandiko cha boksi kilichoandikwa tarehe. Vilikuwa 25. Mama mkwe amechukua vitatu akasema anavijaribu kwenye vyombo. Mafuta ya bagia ananiwekea mwenyewe kwenye dumu bila kuambiwa, ila sufuria zake zote amezihamishia chumbani kwake.