Tiketi za msimu za futiboli ya chuo: nimekaa nazo miaka mitatu, sizikati tena

Nilikata mbili, yangu na ya mwanangu, kwenye chuo kikuu cha mji wetu huku Ohio. Jina silitaji, wanaokagua tiketi pale getini ni majirani zangu. Futiboli ninayosema ni hii ya Kimarekani, ya helmeti na mpira mfano wa yai. Mimi ni Simba tangu utotoni, lakini mtoto kaipenda, ningefanyaje.

Bei kwanza. Dola 360 kwa viti viwili, mechi sita za nyumbani. Juu yake kuna "mchango" wa dola 200 ili uruhusiwe kununua viti vya katikati. Yaani unalipa ili ukubaliwe kulipa. Zamani Mmarekani aliweza kupata unafuu wa kodi kwa asilimia 80 ya mchango wa namna hiyo, mpaka sheria ya kodi ya 2017 ilipoufuta. Ongeza maegesho dola 20 kila mechi, na chupa ya maji dola 5, maana ya kwako huingii nayo. Halafu Oktoba ya mwaka wa kwanza nikafungua simu nikakuta kiti cha safu ya mbele yangu kinauzwa dola 6. Siku ileile, mechi ileile. Niliumia.

Ila pesa siyo iliyonitoa. Iliyonitoa ni televisheni. Saa ya kuanza mechi huipanga wao, mara nyingi siku 12 tu kabla. Mimi nafanya zamu kwenye nyumba ya kulelea wazee, ruhusa naomba mwezi mzima mapema. Nimeshaomba Jumamosi ya mchana, mechi ikahamia usiku. Na ukishafika, dakika 60 za mchezo zinakula saa tatu na nusu. Pembeni ya mstari husimama bwana mmoja mwenye shati la mikono myekundu. Akiingia uwanjani, kila kitu kinasimama, nyumbani watu wanaonyeshwa matangazo. Wewe uliyelipa unatazama vijana wakinywa maji. Mwanangu alimbatiza Baba Matangazo. Mwaka 2023 walibadili kanuni ili saa isisimame kila timu inaposogeza mpira zile yadi kumi inazotakiwa, isipokuwa dakika mbili za mwisho wa kila nusu. Baba Matangazo wetu hakupungukiwa na kazi.

Novemba ndiyo balaa. Ligi yetu ya vyuo vidogo huchezeshwa Jumanne na Jumatano usiku, kwa kuwa siku hizo televisheni ina nafasi. Jumanne moja, saa mbili usiku, benchi ya alumini inapitisha baridi mpaka kwenye uti wa mgongo, nilihesabu watu wa jukwaa letu: 19, pamoja na sisi. Kipaza sauti kikatangaza mahudhurio ya elfu kumi na mbili na ushei. Mzee jirani yangu akaniambia, "Mwanangu, wengine wako chooni."

Baadaye nikaelewa: wanachotangaza ni tiketi zilizotoka, siyo watu walioingia. Gazeti la Wall Street Journal lilikusanya hesabu za getini za msimu wa 2017 likakuta walioingia ni kama asilimia 71 ya waliotangazwa. Na hata hizo za kutangazwa zilikuwa zikishuka: mwaka 2018 wastani wa daraja la juu ulianguka chini ya 42,000, mdogo kuliko wote tangu 1996. Tusidanganyane, kuna wanaojaza. Chuo Kikuu cha Michigan, kule mji wa Ann Arbor, wana uwanja wa watu zaidi ya 107,000 na hawana shida ya watu. Vyuo vidogo ndivyo vinavyopigia mabenchi muziki.

Na benchi tupu lina mlipaji. Nina mwenzangu wa zamu ya usiku anayesoma hapohapo chuoni. Kwenye ada yake kuna fungu la michezo, kama ilivyo kwenye vyuo vingi vya aina hii, na uwanjani hajawahi kukanyaga. Usiku wa Jumanne ile yeye alikuwa kazini, anawageuza wazee kitandani.

Mazuri yapo. Bendi ya chuo wakati wa mapumziko, wapiga tarumbeta wanatembea huku wanaandika herufi kwa miili yao, ile peke yake ni nyota moja. Nyota ya pili naipa maegesho: watu wamefungua buti za magari, wanachoma nyama tangu asubuhi, na ukipita tu unakaribishwa. Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili siyo za mpira.

Ukitaka kujaribu, usikate msimu. Chagua mechi ya Septemba ya mchana, subiri mpaka Alhamisi uangalie bei kwenye simu. Beba sponji ya kukalia. Na fika mapema, nyama haisubiri.