Kitakasa mikono cha jeli bwenini: kinachofaa kwacho na kisichofaa

Ni vigumu kumwona mwanafunzi akihamia bwenini bila chupa ya kitakasa mikono katika mizigo yake, na mara nyingi chupa hiyo huwa imenunuliwa na mzazi aliyesikia kwamba magonjwa huenea haraka mahali wanapoishi vijana wengi. Ninayoitathmini hapa ni jeli ya kawaida yenye ethanoli asilimia 70, isiyo na manukato makali, inayouzwa katika chupa ndogo ya kubebwa na katika chupa kubwa yenye pampu. Nimeitumia nikiwa mkaaji wa bweni la chuo ambako chumba kimoja kina vitanda kadhaa na sinki liko mwisho wa korido, karibu na vyoo. Hali hiyo ina uzito katika tathmini hii, kwa sababu mtu mwenye bomba chumbani mwake hana haja kubwa ya bidhaa hii, ilhali anayelazimika kuvaa ndala na kupita milango sita ili anawe mikono anaihitaji mara nyingi kwa siku.

Jambo la kwanza la kuangalia kwenye lebo ni kiwango cha alkoholi, kwa sababu harufu, rangi na ahadi zilizoandikwa kwa herufi kubwa hazina maana iwapo kiwango hicho ni kidogo. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kinashauri alkoholi isiyopungua asilimia 60, na michanganyiko miwili inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina ethanoli asilimia 80 au alkoholi ya isopropili asilimia 75, pamoja na gliseroli kidogo ya kulinda ngozi. Huenda mtu akadhani kwamba alkoholi tupu ingekuwa kali zaidi, lakini sivyo. Alkoholi huua vijidudu kwa kuharibu protini zao na kuyeyusha utando wa mafuta unaofunika baadhi ya virusi, na kazi ya kuharibu protini inahitaji maji. Isitoshe, alkoholi isiyo na maji hukauka mkononi kabla haijamaliza kazi. Kwa kigezo hiki chupa niliyonayo inafaulu. Kuna nyingine zinazojitangaza kuwa hazina alkoholi, nyingi zikitumia kemikali ya kuua vijidudu iitwayo benzalkoniamu kloridi, nazo haziumi sana penye mkwaruzo, ila zinaua aina chache zaidi za vijidudu, na kwa sababu hiyo sioni kwa nini mkaaji wa bweni azichague.

Katika matumizi, jeli hii inapendeza kwa muda wa mwanzo. Ubofyo mmoja kamili wa pampu unatosha kulowesha viganja vyote viwili, na mikono hubaki na unyevu kwa takriban sekunde 20 hadi 30, muda ambao ndio unaotakiwa. Ukiona mikono imekauka baada ya sekunde kumi, umetumia kidogo mno. Nimewatazama wenzangu wengi wakipaka: viganja vinasuguliwa kwa bidii, kisha mtu anaendelea na shughuli zake huku vidole gumba na ncha za vidole vikiwa vikavu, ilhali ncha hizo ndizo zinazobofya swichi ya taa, kufikicha macho na kushika simu. Kasoro ya bidhaa yenyewe huonekana baada ya kuipaka mara nyingi bila kunawa katikati. Kile kinachoifanya alkoholi iwe nzito hubaki kwenye ngozi kama utando unaonata, na ukisugua tena hutoka vinyuzi vidogo vyeupe mfano wa ukoko wa gundi. Mdomo wa pampu nao huziba kwa jeli iliyokauka, na siku moja ukiubofya, jeli huruka pembeni hadi kwenye daftari. Hayo ni maudhi tu, hayapunguzi nguvu ya dawa, na maji ya uvuguvugu yanatosha kuuzibua.

Udhaifu mkubwa uko kwingine, na unagusa moja kwa moja maisha ya vyoo vya pamoja. Norovirusi, kirusi kinacholeta kutapika na kuhara kwa ghafla, hakina ule utando wa mafuta ambao alkoholi huuyeyusha, kwa hiyo jeli haikiwezi inavyopasa. Kirusi hiki kinajulikana kwa kulipuka mahali watu wanapobanana, zikiwemo meli za abiria na mabweni. Chembe chache sana zinatosha kumwambukiza mtu, dalili hujitokeza kati ya saa 12 na 48 baadaye, na aliyepona anaweza kuendelea kukitoa katika choo chake kwa wiki mbili au zaidi. Mtu anayetoka chooni, akapaka jeli na kwenda kula, anakuwa amejiridhisha bila kujikinga. Hapo kazi ya sabuni haina mbadala, kwa sababu sabuni na maji yanayotiririka havihitaji kuua kirusi: vinakibandua kwenye ngozi na kukipeleka kwenye mfereji. Hali ni hiyo hiyo mikono ikiwa na matope, jasho au mafuta ya chakula, maana uchafu huo huizuia alkoholi isifike panapotakiwa. Na mwenzako wa chumba akitapika sakafuni, usipoteze jeli yako hapo. Vaa glavu, futa kwa karatasi ya kutupa, kisha tumia dawa ya klorini kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye chombo chake.

Kwa hiyo yale maandishi ya kwamba bidhaa inaua asilimia 99.9 ya vijidudu yasomwe kwa tahadhari. Hesabu hiyo hutokana na vipimo vya maabara kwa vijidudu vilivyochaguliwa, na mikono iliyotoka kufua nguo si maabara. Singesema kwamba mtengenezaji anadanganya, bali anasema sehemu ya ukweli iliyo upande wake.

Tena yapo magonjwa ambayo chupa hii haina nafasi kubwa kwayo hata ikitumiwa vizuri. Influenza na UVIKO-19 husafiri kwa sehemu kubwa katika hewa tunayoipumua, na chumba chenye vitanda vinne na dirisha lililofungwa usiku kucha ni mahali pazuri mno kwa virusi hivyo. Kufungua dirisha, anayekohoa kuvaa barakoa, na kupata chanjo ya influenza kila mwaka inapopatikana, ni mambo yenye faida kubwa kuliko pampu yoyote. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria wa meningokoka, ambayo mabweni yamehusishwa nayo kwa muda mrefu, huenea kwa mate na kwa kukaa karibu karibu. Dhidi yake kinachohitajika ni chanjo na kuacha tabia ya kunywea chupa moja ya maji. Usingizi nao umo. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, watu 164 waliojitolea walitiwa matone yenye virusi vya mafua puani, na wale waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa saba. Bado sijaona duka linalouza usingizi kwenye rafu za karibu na malipo, ndiyo maana pengine jeli inasifiwa kuliko unavyostahili uwezo wake.

Pamoja na hayo yote, ningeinunua tena, na ningemshauri anayehamia bwenini aweke chupa kubwa mezani karibu na mlango na ile ndogo mfukoni mwa begi. Inafaa kabisa unapotoka darasani au kwenye basi, baada ya kushika vitasa na kibodi za maktaba, au kabla ya kula mahali pasipo na bomba. Lakini ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua sabuni na kisahani chake cha kubeba hadi sinkini, kwani ukifika kule ukakuta sabuni ya pamoja imeisha, utatamani hata kipande.

Kabla ya kulipa, geuza chupa usome orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwaka 2020, mahitaji yalipopanda ghafla, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa maonyo kuhusu vitakasa vilivyokutwa na methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu inayoweza kupofusha na kuua, hivyo bidhaa isiyotaja mtengenezaji wake haifai kununuliwa hata ikiwa rahisi. Usiihamishie jeli katika chupa ya maji ya kunywa, kwani katika chumba cha watu wengi yupo atakayeinywa gizani. Kisha kumbuka kwamba alkoholi ya kiwango hiki hushika moto kwa urahisi katika joto la kawaida la chumba: iweke mbali na jiko, pasi na mshumaa, na baada ya kuipaka acha mikono ikauke kabisa kabla hujawasha kiberiti.