Mpini wa jembe na shoka: nunua wa mti gani kabla mvua hazijaanza

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, kwa hiyo Oktoba mipini inajaa masokoni, Mwanjelwa hadi Mafinga. Mingi imekatwa wiki hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Namba moja kwangu ni mkole. Nyuzi zake zimeshikana na una mnepo, hivyo shoka likigonga fundo mkono hauumii sana. Ukiupata mkavu, usivutane bei. Wa pili ni mpera: mgumu na laini kushika, ila ulionyooka ni wa kutafuta. Wa tatu mwati, huu unaochunwa magome ya kutengenezea ngozi. Njombe umejaa, na kwa jembe unatosha kabisa. Mkaratusi ni wa nne. Nguvu unazo, lakini ukiwa unakauka hupinda na kupasuka. Nunua uliokwisha kauka, tabia yake umeshaiona. Paina ni ya fagio.

Ila jina la mti halitoshi. Shika mpini, fumba jicho moja, uangalie kwa urefu wake. Nyuzi zitembee toka ncha hadi ncha. Zikitokea ubavuni, ndipo utakapovunjikia. Penye fundo karibu na chuma, rudisha. Kisha upime kwa mkono: mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana, na wa baridi.

Mwaka juzi niliuziwa mkole mbichi, nikaamini jina. Wiki ya tatu ulikuwa umesinyaa, kabari ikalegea, shoka likachomoka na kupita karibu kabisa na mguu wa mwanangu. Na msidanganyike na kuloweka kwenye ndoo usiku kucha. Mti unavimba, unajiponda kwenye chuma, na ukikauka unalegea kuliko mwanzo.

Ukikosa mkavu, nunua mbichi mapema, paka nta kwenye ncha zote mbili zisipasuke, uuweke kivulini penye hewa miezi kadhaa. Usiuanike juani. Ukishakauka, piga msasa, paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo kidogo, acha yanywewe, futa yaliyobaki. Rudia mara tatu, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Vanishi sipendekezi: mkono ukitoka jasho inateleza, kisha inabanduka na kuleta malengelenge. Kitambaa ulichofutia mafuta kitandaze nje kikauke. Kikiachwa kimekunjwa kinaweza kuwaka chenyewe.