Ukarabati wa nyumba ya familia Dar: kipi kinastahili pesa yako, kipi ni cha macho ya wageni

Nyumba nyingi za Dar es Salaam za miaka ya 1980 na 1990 kuta zake bado ni imara. Kilichochoka ni mabomba, nyaya na paa. Lakini mwenye nyumba akipata fedha, anayeitwa kwanza ni fundi jipsam, akifuatiwa na wa rangi. Hapa tumepitia vitu vinavyonunuliwa sana katika ukarabati na kuvipima kwa swali moja: familia ya watu sita, watoto wakiwemo na pengine bibi mzee, itaona faida yake kila siku?

Tangi, mnara na pampu: anzia hapa

Simtank la lita 2,000 ndilo tunalolipendekeza kwa familia ya ukubwa huo. Ukikadiria lita 100 kwa mtu kwa siku, watu sita wanatumia lita 600, kwa hiyo tangi linawavusha siku tatu za mgawo. La lita 1,000 ni rahisi kulipandisha, ila linaishia siku ya pili mchana. La lita 5,000 ni zuri sana, mradi likae chini. Lita moja ya maji ni kilo moja, na tani tano juu ya mnara wa kubahatisha ni hatari kwa watoto wanaocheza chini yake.

Hata tani mbili za lita 2,000 si mzigo mdogo. Kosa la kawaida ni kuliweka tangi juu ya ukuta wa bafu uliojengwa kwa tofali za inchi 5, au juu ya mbao zilizopangwa kwa kuachana. Tako la tangi linabonyea katikati ya mbao, na baada ya muda ufa unatokea pale, au kiungio cha kutolea maji kinapinda na kuanza kuvuja. Tangi linataka slabu tambarare inayolibeba tako lote, iliyofagiwa kokoto. Mnara nao uwe na nguzo zake na msingi wake, usiegemee nyumba.

Kimo ndicho wengi wanachokipunja ili kuokoa nondo na saruji. Presha ya maji ya mnara inatokana na kimo peke yake. Tako la tangi likiwa mita 4 kutoka ardhini na kichwa cha shawa kikiwa mita 2.1, zinabaki mita 1.9, yaani chini ya baa 0.2. Hapo maji yanatiririka tu, hayarushi. Kununua shawa ya gharama hakutabadilisha chochote. Ama uinue mnara hadi mita 6, ama uweke pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye bomba linalotoka tangini. Ukichagua pampu, mwambie fundi aweke njia ya pembeni yenye vavu ya kuzuia maji kurudi, ili umeme ukikatika maji yaendelee kushuka yenyewe. Bila njia hiyo, maji yote yanalazimika kupenya ndani ya pampu iliyozimika, na bomba la jikoni linabaki kutoa uzi.

Maji ya bomba ya DAWASA mara nyingi hayana nguvu ya kupanda mnara. Dawa yake ni tangi la chini, pampu, kisha tangi la juu. Usikubali pampu iunganishwe moja kwa moja na bomba la mtaani. Inavuta, na penye ufa wowote njiani itavuta na maji machafu ya mtaroni.

Kwa kazi ya kupandisha maji kutoka tangi la chini, pampu za nusu hospawa za aina ya Pedrollo PKm 60 zinatosha kabisa. Kwa karatasi zake inapandisha maji hadi mita 40, na kwa mnara wa mita 5 au 6 inajaza tangi la lita 2,000 kwa kiasi cha saa moja, ikitumia umeme kidogo. Udhaifu wake ni mchanga. Nafasi kati ya feni yake ya shaba na mwili wa pampu ni nyembamba mno, hivyo chembe chache tu zinaikwangua na nguvu inapungua mwezi hadi mwezi. Pia ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, inakwama: inanguruma bila kuzunguka. Ikinguruma, zima haraka kabla haijaungua, kata umeme, kisha zungusha shafti kwa bisibisi upande wa nyuma. Weka chujio kwenye mdomo wa kuvutia, na uuinue sentimita 15 hivi kutoka sakafu ya tangi, maana tope hulala chini. Jihadhari na pampu za kuiga zenye rangi ileile ya bluu. Nyingi zimefungwa waya wa alumini badala ya shaba, na mzani peke yake utakuonyesha tofauti.

Boya za umeme ziwe mbili. La juu linazima pampu tangi likijaa. La chini linazima pampu tangi la ardhini likikauka, na hili ndilo linaloachwa. Pampu ikizunguka bila maji, sili yake inaungua kwa dakika chache.

Mabomba yenyewe

Kama nyumba ina mabomba ya chuma ya zamani, usiyaunganishe viraka. Yang'oe yote. Ndani yamejaa kutu, na kila kiungio kipya kinachowekwa kinatikisa cha zamani. PPR, mabomba ya plastiki yanayoungwa kwa kuyeyushwa, ndiyo chaguo letu: milimita 25 kwa njia kuu na 20 kwa matawi. Ubora wa PPR uko mikononi mwa fundi kuliko kwenye chapa ya bomba. Mashine ya kuyeyushia iwe nyuzi 260. Bomba la 20 lishikwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, kisha lisukumwe ndani wima bila kuzungushwa. Fundi mwenye haraka anazidisha muda ili “lishike vizuri”, plastiki inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Kwa nje kiungio kinaonekana safi kabisa, na miaka miwili baadaye unalaumu tangi.

Dai koki ya kufungia kwa kila bafu, kwa jikoni, na moja chini ya kila sinki na kila tangi la choo. Ni kitu cha bei ndogo katika ukarabati wote, na hakuna kingine kinachorudisha thamani namna hiyo: koki moja ikiharibika, nyumba nzima haikosi maji. Kabla ya lipu, mabomba yajazwe maji na kupigwa presha mara moja na nusu ya ile ya kawaida, yaachwe usiku kucha, mshale wa geji usiposhuka ndipo ukuta ufungwe. Fundi akikwambia haina haja, badilisha fundi.

Shawa ya umeme, hita ya tangi, au usiweke

Shawa za umeme za papo kwa papo, kama zile za Lorenzetti kutoka Brazil, zinauzwa kila duka la vifaa Kariakoo. Ni nzuri, ila zinahukumiwa vibaya kwa sababu zinafungwa vibaya.

Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 220 inavuta ampea 25. Waya wa milimita mraba 2.5 uliopitishwa kwenye paipu ukutani haukuwekwa kwa mzigo huo, lakini ndio ambao mafundi wengi wanaunganishia, tena kwa kuuchukua kwenye soketi ya chumbani. Unapata moto, unalainika, na harufu ya plastiki ndiyo taarifa ya kwanza. Shawa inataka njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la breka: waya wa 6, breka ya ampea 32, swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyowekwa nje ya bafu, na kiungio cha kaure nyuma ya shawa, si nyaya zilizosokotwa na kuzungushiwa tepu. Waya wa ethi uungwe kweli na fimbo iliyopigwa ardhini. Na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, hiyo si ya hiari penye watoto.

Maji ya kisima ni suala jingine. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na shawa ya kawaida ina waya wa moto uliozama wazi ndani ya maji. Chumvi inapitisha umeme na kula waya huo kwa miezi. Kuna aina zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, bei yake iko juu. Chukua hiyo, au usichukue yoyote. Ukiona breka ya kuvuja inakata kila shawa inapowashwa, usiitoe breka. Ndiyo inayokueleza tatizo.

Nguvu yake? Kwa lita 4 kwa dakika, wati 5,500 zinapandisha joto la maji kwa nyuzi 20 hivi. Dar, ambako maji yanatoka tangini yakiwa na nyuzi 27, hiyo ni zaidi ya unachohitaji, na kitufe cha nguvu ndogo kinatosha mwaka mzima. Njombe au Mafinga, maji yakiwa nyuzi 14 asubuhi ya Julai, utapata 34, vuguvugu tu, na huko hita ya tangi ina maana zaidi. Hita ya lita 30 inatumia takriban uniti 1.2 za LUKU kuyatoa maji kutoka nyuzi 26 hadi 60. Shawa ya papo kwa papo kwa nguvu zote, dakika nane, ni uniti 0.7. Zidisha kwa watu sita uone. Kwa Dar msimamo wetu ni huu: shawa moja kwenye bafu la wazazi au la mgonjwa, kwingine maji ya kawaida.

Madirisha

Dirisha la alumini la kusukuma limekuwa sare ya taifa. Linafunga vizuri, halitoi kelele, wavu unakaa. Ila linafunguka nusu tu. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lina eneo la mita mraba 1.8, na upepo unapata 0.9. Louva za zamani ambazo kila mtu anazing'oa zilikuwa zinaachia karibu dirisha lote, ingawa vioo vyake mwizi alivichomoa kimoja kimoja bila haraka. Kwa vyumba vya kulala, agiza alumini ya kufunguka kama mlango, huku grili ikiwa ndani. Sebuleni ya kusukuma inatosha. Hakikisha kila chumba kina tundu la pili, hata dogo juu ya mlango, ili hewa iingie na kutoka: kusi inavuma kutoka kusini, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, na chumba chenye dirisha la upande mmoja tu hakipati faida ya yoyote. Muulize fundi alumini kuhusu vitundu vya kutolea maji kwenye reli ya chini. Visipotobolewa, au silikoni ikivifunika, mvua ya masika inajaa relini na kumwagikia ndani.

Paa la kuficha

Hatulipendekezi kwa nyumba ya zamani. Kwenye picha linapendeza. Kiutendaji, unakata mapana ya paa yaliyokuwa yanakinga kuta na madirisha, unajenga ukuta mfupi kuzunguka, na maji yote ya paa sasa yanakusanywa kwenye mfereji uliofichwa ndani ya nyumba. Jani la mwembe likiziba mdomo, maji hayamwagiki uani. Yanarudi chini ya bati na kushukia kwenye jipsam. Ukishikilia msimamo, basi mfereji uwe na upana wa sentimita 30 au zaidi, mabomba ya kushushia ya inchi 4 yasiyopungua mawili kila upande mrefu, na tundu la dharura lililotobolewa kwenye ukuta mfupi, chini ya usawa wa bati, ili mfereji ukiziba ulione tatizo kwa nje. Mteremko ukishuka chini ya nyuzi 10, bati la mawimbi la kawaida halifai. Chukua lenye migongo mirefu. Na pawe na ngazi ya kupandia kusafisha, maana paa lisilofikika halisafishwi.

Yaliyobaki

Jipsam ni sawa sebuleni. Bafuni weka dari ya plastiki. Popote utakapoweka, acha kifuniko cha sentimita 60 kwa 60 cha kupandia darini, la sivyo fundi umeme wa kesho ataitoboa dari mwenyewe.

Vigae vya kung'aa bafuni ni mtego kwa bibi. Chukua visivyoteleza, vya 30 kwa 30, kwa sababu vya 60 kwa 60 haviwezi kufuata mteremko kuelekea mdomo wa maji bila kukatwa vipande. Chini yake ipakwe dawa ya kuzuia maji, ipande ukutani sentimita 15, na kwenye eneo la kuogea mita 1.8. Mlango wa bafu hilo uwe na upana wa sentimita 80 au 90, bila kizingiti.

Jikoni, makabati ya MDF (mbao za unga ulioshindiliwa) chini ya sinki yanavimba na kufumuka. Lipia marine bodi, inayostahimili maji, kwa sehemu ya chini tu, ya juu ibaki MDF. Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kibanda chenye matundu chini, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatambaa sakafuni. Paipu ya gesi ipite kwenye mfereji wake ukutani, na siku fundi anapoipitisha, mwambie aache paipu nyingine tupu ya nyaya, ya milimita 25, kutoka darini hadi kwenye boksi la breka. Siku utakapotaka sola au inveta, hutabomoa ukuta.